Kamante Gatura: Mpishi Aliyeijua Divai Jikoni

Utangulizi

Kila alfajiri, kabla jua halijachomoza, watu wengi hutoka Kibera na Kawangware kwa miguu wakielekea kazini. Wa Kibera hushika Barabara ya Ngong, wengine wakielekea mjini na wengine Karen. Wa Kawangware huvuka na kuingia Lavington na Kileleshwa. Miongoni mwao wamo wapishi wa nyumbani, wapishi wa hoteli na vijana wanaojifunza upishi. Vijana hao hutakiwa kujua divai ipi huandamana na samaki, ipi huandamana na nyama nyekundu na ipi hutiwa katika mchuzi. Huyajua hayo ilhali bei ya chupa moja ya divai hiyo huweza kuushinda ujira wao wa siku nzima, na ilhali kwao divai ya zabibu haijapata kuwekwa mezani. Huifahamu kwa kuipika, kuimimina na kuiosha katika bilauri za watu wengine.

Hali hii haikuanza jana. Yuko mtu mmoja ambaye maisha yake yanaweza kuhesabiwa kuwa chimbuko la habari hii yote katika eneo la magharibi ya Nairobi. Mtu huyo ni Kamante Gatura, mpishi wa Karen Blixen, mwandishi wa Kidenmark aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Jina la Kamante limesomwa katika lugha nyingi za dunia, na sura yake imeigizwa katika filamu iliyopata sifa kubwa. Hata hivyo, kwa wasomaji wengi wa Kiswahili yeye ni jina tu. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kuzingatia jambo moja: namna alivyojifunza ufundi wa meza ya kigeni, ukiwemo ufundi wa kupikia divai, na yaliyoupata ufundi huo pale mwenye meza alipoondoka.

Utoto na Maradhi

Kamante alizaliwa mnamo mwaka wa 1912 au karibu na hapo, katika jamii ya Wakikuyu. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa maskwota wa shamba la Blixen. Maskwota walikuwa Waafrika walioruhusiwa kuishi na kulima sehemu ndogo ya ardhi iliyotwaliwa na Wazungu, kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba kwa siku kadhaa kila mwaka. Shamba lenyewe lilikuwa na ekari zipatazo 6,000, na kati ya hizo ekari 600 hivi ndizo zilizopandwa kahawa. Blixen alifika Kenya mwaka wa 1914, na mwaka wa 1917 akahamia katika nyumba ya mawe ambayo leo ni jumba la makumbusho mtaani Karen.

Alipoonwa na Blixen kwa mara ya kwanza, Kamante alikuwa akichunga mbuzi mbugani. Mwili wake ulikuwa umedumaa kwa maradhi kiasi kwamba alionekana mtoto wa miaka 6, ingawa yamkini alikuwa na miaka 9. Miguu yake ilikuwa na vidonda vibichi tangu mapajani hadi visiginoni. Blixen alijaribu kumtibu shambani kwa muda bila ya kufanikiwa. Hatimaye alimpeleka katika hospitali ya Misheni ya Kiskoti huko Kikuyu, ng'ambo ya Dagoretti, na mtoto akalazwa kwa miezi 3.

Kamante alirejea siku ya Pasaka akiwa amefungwa bendeji miguuni. Hakusema neno mpaka alipozifungua bendeji hizo polepole, moja baada ya nyingine, na kuionyesha miguu iliyopona kabisa. Tukio hilo dogo linadokeza tabia iliyomtambulisha maisha yake yote: alikuwa mtu wa maneno machache, asiye na papara, na mwenye kujua thamani ya kungoja wakati ufaao. Huko hospitalini alikuwa ameingia Ukristo, na aliushika kwa makini.

Kuingia Jikoni

Kazi ya kwanza ya Kamante nyumbani kwa Blixen ilikuwa ya kuwatunza mbwa. Kisha akawa msaidizi wa tiba, maana Blixen alikuwa na desturi ya kuwatibu wakaazi wa shamba kila asubuhi. Baadaye aliingia jikoni kama mtoto wa kazi chini ya mpishi mzee aliyeitwa Esa. Esa alipofariki, Kamante alikikalia kiti cha mpishi mkuu.

Jiko lenyewe lilikuwa chumba cha kando chenye meko ya kuni. Humo ndimo kijana asiyejua kusoma wala kuandika alimojifunza vyakula vilivyohesabiwa kuwa vigumu hata kwa wapishi wa Ulaya. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa Blixen mwenyewe, ambaye safari moja alipokwenda Ulaya alisoma upishi kwa mpishi wa Kifaransa katika mkahawa mashuhuri. Lakini mafunzo hayakuishia hapo. Kamante alipelekwa pia kwenye jiko la Klabu ya Muthaiga, na kila Blixen alipoonja chakula kizuri kwa rafiki zake, Kamante alipelekwa akajifunze kwa mpishi wa nyumba hiyo. Kwa lugha ya leo, huyu alikuwa mwanafunzi wa upishi aliyezungushwa kutoka jiko moja hadi jingine mpaka akahitimu, ingawa hakupewa cheti.

Ustadi wake ulikuwa mikononi na machoni. Aliweza kulipima yai kwa kiganja na kujua lilitagwa lini. Aliletewa vyombo vya kila aina kutoka Ulaya vya kupigia mayai, akaviacha vipate kutu. Yeye alichukua kisu kilichotumiwa kukatia magugu uani, akaupiga ute wa yai mpaka ukasimama kama mawingu meupe. Kwa muda si mrefu meza ya nyumba ile ilipata sifa katika koloni zima.

Ajabu ni kwamba Kamante mwenyewe hakuwa na hamu ya vyakula hivyo. Alipoonja mchuzi, alionja kwa tahadhari, kama fundi anayepima kazi, kisha akarudi kwenye mahindi na viazi vitamu vya kwao. Alijua chakula kile kinapaswa kuwaje bila ya kukitamani.

Kiswahili cha Jikoni

Jambo ambalo halitajwi sana ni lugha iliyotumika katika mafunzo hayo. Blixen hakujua Kikuyu cha kutosha, na Kamante hakujua Kidenmark wala Kiingereza cha kuendeshea jiko. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, lugha ya kazi katika mashamba na majumba ya Nairobi. Kwa hiyo, upishi wa Kifaransa ulifundishwa kwa Kiswahili chini ya vilima vya Ngong miaka 100 iliyopita, ingawa hakuna kitabu cha upishi kilichotokana na mafunzo hayo.

Kwa kuwa hakuandika, Kamante alibuni njia yake ya kuhifadhi. Kila mchuzi aliupa jina la tukio lililotokea siku alipofundishwa. Ukawepo mchuzi wa radi iliyopiga mti, na mchuzi wa farasi wa kijivu aliyekufa. Anayeifahamu fasihi simulizi hataliona jambo hili kuwa kichekesho. Jamii zisizotumia maandishi zimehifadhi miaka, marika na nasaba kwa njia iyo hiyo: rika hupewa jina la njaa, la nzige au la ugonjwa uliozuka wakati wa kutahiriwa kwake. Kamante alichukua kanuni ya historia ya Wakikuyu akaitumia kupangia michuzi ya Kifaransa. Kila jina lilikuwa ufunguo, na nyuma yake kulikuwa na vipimo, mpangilio wa hatua na kiasi cha moto.

Divai katika Mchuzi

Meza aliyoipikia Kamante ilikuwa meza ya divai. Marafiki wawili wa Blixen, Berkeley Cole na Denys Finch Hatton, ndio walioisimamia akiba ya vinywaji ya nyumba ile, wakileta divai bora kutoka Ulaya. Cole, aliyefariki mwaka wa 1925, alikuwa na desturi ya kunywa shampeni msituni saa 5 asubuhi, tena katika bilauri bora za nyumba. Mpishi wa meza ya namna hii hakuweza kuiepuka divai. Vyakula vingi vya Kifaransa huanzia kwayo: hulainisha nyama, hukata mafuta, na inapochemshwa, kileo chake hupungua na kuacha utamu, uchachu na harufu.

Mfano ulio wazi zaidi ni mchuzi wa Cumberland, uliompatia Kamante sifa kubwa kuliko vyote. Msingi wa mchuzi huu ni divai ya porto. Divai hii hutengenezwa kwa zabibu za bonde la mto Douro nchini Ureno. Zabibu zinapokuwa bado zinachachuka, humiminiwa pombe kali ya zabibu ili uchachukaji ukome kabla sukari haijakwisha. Ndiyo sababu porto huwa tamu, nzito na kali kuliko divai ya kawaida. Mpishi huichanganya na jeli ya matunda mekundu, maganda na maji ya machungwa na malimau, na haradali kidogo. Mchuzi huachwa upoe, nao huliwa pamoja na nyama baridi, hususan paja la nguruwe. Ukichemshwa kupita kiasi, huwa kama sharubati. Usipochemka vya kutosha, hubaki na ukali wa kileo. Kuupika sawasawa ni kuielewa divai.

Mnamo Novemba 1928, mwana wa mfalme wa Uingereza, Edward, aliizuru Kenya na kula chakula cha jioni nyumbani kwa Blixen. Alipousifu mchuzi wa Cumberland, Blixen alimfikishia Kamante sifa hizo. Kwa kawaida Kamante hakujali sifa za wageni, lakini safari hii alisikiliza kwa makini. Miezi mingi baadaye aliuliza tena, kana kwamba jambo hilo halijatoka moyoni mwake, iwapo ni kweli mwana wa sultani aliupenda ule mchuzi wa nguruwe, na iwapo aliumaliza wote. Swali hilo ni la fundi. Kijana ambaye huenda hakuwa na hamu ya nguruwe wala ya porto alitaka kujua kama kazi yake ilikuwa kamili.

Muratina, Jini ya Kibera na Sheria za Mkoloni

Ni kosa kudhani kwamba Kamante alitoka katika jamii isiyojua utengenezaji wa divai. Wakikuyu walikuwa na muratina, kinywaji cha asali au maji ya miwa. Jina lake limetokana na tunda la mvungunya, ambao Wakikuyu huuita muratina. Tunda hilo refu hupasuliwa, huchemshwa na kukaushwa juani. Nyuzi zake hubeba hamira, na linapotiwa katika kibuyu chenye asali na maji na kuwekwa karibu na moto, mchanganyiko huchachuka. Kanuni yake ni ile ile ya zabibu za Ulaya: hamira hula sukari na kuigeuza kileo. Tofauti ni kwamba hamira ya zabibu aghalabu hutoka kwenye ganda la zabibu au ghalani, na hamira ya muratina hukaa ndani ya tunda lililokaushwa, likatunzwa na kutumika tena na tena.

Muratina haikuwa kinywaji cha kila mtu. Ilikuwa ya wazee, ya mahari, ya tambiko na ya kusuluhisha kesi. Kijana hakuruhusiwa kuinywa. Naye Kinyanjui wa Gathirimu, chifu mkuu wa Wakikuyu aliyefariki mwaka wa 1929, aliishi katika sehemu ile ile ambayo leo imepakana na Kawangware, karibu na Misheni ya Wafaransa. Kwa hiyo, kabla ya vibanda vya mabati kujengwa Kawangware, eneo hilo lilikuwa na meza yake ya wakubwa na divai yake ya heshima.

Misheni hiyo ya Wafaransa, yaani Misheni ya Mtakatifu Austin, ilianzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka wa 1899, katika eneo ambalo sasa ni Lavington. Usiku mmoja wa mkesha wa Krismasi, Blixen alimchukua Kamante hadi huko kwenye Misa. Kwa mujibu wa masimulizi ya Blixen, kijana huyo wa Misheni ya Kiskoti alikwenda akiwa na hofu ya sanamu alizosikia habari zake. Alipoiona picha ya hori na Mtoto na wanyama, hofu ikamtoka. Humo kanisani divai ilikuwa na daraja nyingine tena: haikuwa ya anasa kama mezani kwa Cole, wala ya wazee kama muratina, bali ya altare.

Upande wa pili, Kibera ilikuwa na historia yake. Mwaka wa 1918 serikali ya kikoloni ilitenga zaidi ya ekari 4,000 za msitu kwa ajili ya askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles na jamaa zao, ambao wazawa wao hujulikana kama Wanubi. Jina Kibera lenyewe limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanawake wa Kinubi walijulikana kwa pombe kali waliyoitengeneza kwa kuuchemsha mchanganyiko uliochachuka na kuukusanya mvuke wake. Pombe hiyo ilikuja kuitwa jini ya Kinubi. Biashara hiyo iliwasomesha watoto na kujenga nyumba, na wakati huo huo iliwaletea misako ya polisi.

Sheria ya mkoloni ndiyo iliyozitenganisha meza hizi. Mwafrika alizuiwa kununua pombe ya Kizungu, na utengenezaji wa pombe yake mwenyewe ulibanwa kwa vibali. Mjini Nairobi, katika miaka ya 1920, halmashauri ilijitwalia haki ya kuuza pombe ya Kiafrika huko Pumwani na kufaidi mapato yake. Kutokana na hayo, Kamante alizungukwa na makatazo matatu. Mila ilimwambia muratina ni ya wazee. Misheni ya Kiskoti iliuchukia ulevi. Serikali ilimwambia divai ya chupa ni ya Mzungu. Hata hivyo, divai hiyo hiyo ilipita mikononi mwake na kutoka ikiwa mchuzi uliosifiwa na mwana wa mfalme. Kinywaji kilichokuwa mwiko kwake ndicho alichokikoroga kwa mwiko.

Mlango Kufungwa

Mwaka wa 1931 shamba la kahawa lilifilisika na kuuzwa. Mwezi wa Mei mwaka huo Finch Hatton alikufa katika ajali ya ndege huko Voi, na baada ya miezi michache Blixen aliondoka Kenya asirudi tena. Ardhi ya shamba ilikatwa vipande vya kujengea nyumba za Wazungu, na mtaa uliozaliwa ukaitwa Karen. Maskwota walilazimika kutafuta mahali pengine.

Kamante alibaki na ufundi usio na meza. Aliendelea kumwandikia Blixen kwa miaka mingi, akiwalipa waandishi wa barua wa mjini wamwandikie, kwa kuwa yeye hakuweza. Katika barua hizo alieleza kwamba alikuwa hana kazi kwa muda mrefu. Blixen mwenyewe, katika kitabu chake Out of Africa cha mwaka wa 1937, alikiri kwamba alimfunza mpishi wa kifalme kisha akamwacha katika koloni changa lisilo na haja naye, na kwamba neno la kufungulia hazina ile lilikuwa limepotea.

Ungamo hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Kama neno lilipotea, lilipotea kwa nani? Kamante alikuwa bado nalo kichwani. Kilichopotea ni mtu wa kuliamini. Mpishi Mwafrika wa wakati huo hakuweza kufungua mkahawa wake mjini, hakuweza kununua porto dukani, wala hakuwa na karatasi ya kumthibitishia mwajiri mpya kwamba anajua zaidi ya kuchemsha viazi. Michuzi yake ilikuwa na majina ya radi na ya farasi wa kijivu, majina ambayo watu wawili tu duniani waliyaelewa, na mmoja wao alikuwa Denmark. Ujuzi wake ulifungwa ndani ya nyumba moja, na nyumba ilipouzwa, uliuzwa bila ya bei.

Mpishi katika Vitabu vya Wengine

Karibu yote yanayojulikana juu ya ujana wa Kamante yametoka kwenye kalamu ya mwajiri wake, na kalamu hiyo haikosi kasoro. Hayati Ngũgĩ wa Thiong'o aliikosoa vikali. Katika mkusanyiko wake wa insha uitwao Moving the Centre, uliochapishwa mwaka wa 1993, imo insha inayoonyesha jinsi Blixen alivyomfananisha mpishi wake na mbwa aliyestaarabika, pale alipoeleza jinsi Kamante alivyomletea kiazi kitamu kama zawadi. Hoja ya Ngũgĩ ni kwamba mapenzi ya namna hiyo humwinua mtu kwa mkono mmoja na kumshusha kwa mwingine. Msomaji wa haki atayashika yote mawili: sifa za upishi ni za kweli, na tashbihi ni ya kudhalilisha. Kiazi kile kitamu kinaweza pia kusomwa kwa njia nyingine, kama mpishi anayemkaribisha tajiri wake kwenye meza yake mwenyewe walau mara moja.

Uzeeni, Kamante alipata nafasi ya kusema. Mpigapicha Mmarekani Peter Beard alimtafuta, wakafanya kazi pamoja kwa miaka mingi karibu na Karen. Mwaka wa 1975 kilichapishwa kitabu cha masimulizi na michoro ya Kamante kiitwacho Longing for Darkness. Humo mpishi anasimulia habari za shamba kwa mtazamo wake. Ni jambo la maana kwamba kitabu hicho kilitoka kwa Kiingereza, na kwamba maarifa ya meko hayakupata kitabu chake.

Mwaka huo huo wa 1975 Chuo cha Utalii cha Kenya kilianzishwa Nairobi. Tangu hapo kijana wa Kenya amepata darasa, mwalimu na cheti cha yale ambayo Kamante aliyapata kwa kuzungushwa majikoni. Kamante alifariki mwaka wa 1985, mwaka ambao filamu ya Out of Africa ilianza kuonyeshwa. Mwaka uliofuata nyumba ya Blixen ilifunguliwa kuwa makumbusho. Wageni huzunguka vyumba vyake, na jikoni huonyeshwa vyombo vya upishi.

Hitimisho

Maisha ya Kamante Gatura yana fundisho kwa wanafunzi wa Kiswahili kama yalivyo nalo kwa wanafunzi wa upishi. Lugha yetu imewahi kubeba ufundi mgumu jikoni mwake, lakini haikupewa karatasi. Hata maneno yake ya divai yanasimulia historia hii. Mvinyo ni neno la Kireno lililopokewa pwani, na katika kamusi huweza kumaanisha pombe kali. Divai huhusishwa na Kifaransa, na limezoeleka zaidi katika Biblia na ibada. Muratina limebaki kwa Wakikuyu, na halionekani sana katika vitabu vya Kiswahili. Ni maneno matatu yenye milango mitatu, na kijana wa Kawangware anayesomea upishi huyapita yote kabla ya kufika kwenye istilahi za Kiingereza anazotahiniwa kwazo.

Muratina ingali ikitengenezwa kwa ajili ya sherehe za mahari. Chang'aa, iliyopigwa marufuku kwa sheria ya mwaka wa 1980, iliruhusiwa kwa masharti kwa sheria ya mwaka wa 2010. Zabibu hukuzwa Dodoma, na divai yake inanywewa Afrika Mashariki. Yaani ujuzi upo, na makatazo ya mkoloni yameondoka. Kinachosalia ni kuuandika: namna ya kuchachua, ya kuchemsha, ya kuonja na ya kulinganisha kinywaji na chakula, kwa maneno ambayo mpishi wa Kibera anaweza kumfundishia mwanawe. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kamante alikuwa na mali kubwa, na daftari lake lilikuwa kichwani. Alilibeba tangu mwaka wa 1931 hadi alipozikwa, na mchuzi wa radi ukaenda naye.